Kutengeneza mchezo wa hesabu wenye mbinu kwa watoto: mwongozo kamili kutoka Bukavu

Michezo mingi ya hesabu iliyojaa kwenye simu ina ugonjwa mmoja. Mtoto anamkimbiza sungura, sungura anafika ukingoni mwa mto, skrini inauliza saba mara nane. Akijibu, sungura anaruka. Huo ni mchezo wa sungura tu, na hesabu imewekwa kati kama bariere barabarani: lipa upite. Mtoto anatoka hapo akiwa amejifunza kwamba hesabu ni ushuru.

Mwongozo huu ni wa mchezo wa aina nyingine, ule ambao hesabu yenyewe ndiyo njia ya kushinda. Mtoto akiwaza vizuri anashinda, akiwaza ovyo anashindwa, na anayemsahihisha ni mpinzani wake. Nimewaandikia walimu wa shule za msingi, wanaokusanya watoto wa mtaa siku ya Jumamosi, na vijana wanaojifunza kuandika programu hapa Bukavu. Aliye Goma hatabadilisha kitu. Aliye Lubumbashi aweke treni mahali ninapoweka boti.

Tutatengeneza mchezo mmoja tangu mwanzo: kwanza kwa kapusule, yaani vifuniko vya chupa, halafu kwa vikopo na maharagi, mwishowe kwenye simu. Najua vijana wengi watataka kurukia simu moja kwa moja. Wasiruke. Sheria ikiwa mbovu, kwenye karatasi unaibadilisha kwa dakika moja. Ukishaiandikia programu utaanza kuitetea kwa sababu imekutoa jasho.

Hatua ya 1: Andika wazo la hesabu kwa sentensi moja

Usianze na hadithi wala picha. Chukua kaye (daftari) uandike ni jambo gani unataka mtoto aligundue mwenyewe. "Kuzidisha" ni pana mno, "mantiki" ndiyo haina mwisho kabisa. Sentensi inayofaa ina umbo hili: "Kinachobaki baada ya kugawanya kwa 4 ndicho kinachoamua nani atashinda."

Hilo ndilo wazo tutakalolifanyia kazi. Nimelichagua kwa makusudi. Shuleni mtoto hufundishwa kugawanya 21 kwa 4, anaandika 5, kisha ile 1 inayobaki anaisukuma pembeni kama maganda. Katika mchezo wetu maganda ndiyo chakula.

Hatua ya 2: Sheria zinazosemeka kwa pumzi moja

Mchezo tuuite Mzigo wa Mwisho. Boti imefika kutoka Goma na magunia 21. Wabebaji wawili wanashusha kwa zamu. Kila zamu unashusha gunia 1, 2 au 3. Kupitisha zamu hakuruhusiwi. Anayeshusha gunia la mwisho ndiye anayelipwa.

Sheria zimeisha. Ukijikuta unaongeza "isipokuwa kama", futa. Mtoto wa miaka minane akisikia sheria mara moja anapaswa aweze kumweleza mdogo wake bila kurudi kukuuliza.

Magunia ni kapusule za bia au za sukre (soda). Nganda (baa) yoyote itakupa mfuko mzima bure ukiomba asubuhi kabla hawajafagia. Zioshe, uzigonge kwa jiwe meno yake yalale, maana zinakata vidole. Changarawe nyeusi za lava ambazo Goma inazo tele zinafaa vilevile, ila zisiwe za duara zikabingirika.

Kwa nini 21? Mchezaji anachukua wastani wa 2 kwa zamu, kwa hiyo mchezo unakwisha kwenye zamu kumi hivi. Ni mfupi kiasi kwamba aliyeshindwa anasema "turudie" badala ya kununa. Mchezo wa nusu saa ukimshinda mtoto amepoteza nusu saa. Mchezo wa dakika moja ukimshinda amepoteza dakika, na hasira yake ni ndogo kuliko hamu yake.

Wazo hili si langu. Ni ndugu wa Nim, mchezo wa kuondoa vitu kwenye mafungu kwa zamu, ambao Charles Bouton wa Harvard aliutatua wote mwaka 1901, na umetumika tangu hapo hata kuonyesha uwezo wa mashine: mwaka 1951 kampuni ya Ferranti ilipeleka kompyuta iitwayo Nimrod kwenye maonyesho ya Uingereza, kazi yake ikiwa kucheza Nim na wageni. Watoto hawahitaji kujua hayo. Wewe jua tu kwamba unatembea kwenye njia iliyokanyagwa.

Hatua ya 3: Utatue mchezo wako kabla hujamwonyesha mtoto

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo watu wengi hupita haraka. Anza kutoka mwisho.

Yakibaki magunia 1, 2 au 3 na ni zamu yako, unayabeba yote, umeshinda. Yakibaki 4, chochote utakachochukua kinamwachia mwenzako 3, 2 au 1. Umekwisha. Basi 4 ni mtego: aliye na zamu hapo ameshapotea kama mwenzake yuko macho. Yakibaki 5, 6 au 7 unaweza kumsukuma mwenzako kwenye 4. Yakibaki 8 huwezi. Utamwachia 7, 6 au 5. Kwa hiyo mitego ni 4, 8, 12, 16, 20, na mwenye kuanza na 21 anachukua 1 tu.

Sasa njia inayofaa kwa sheria yoyote ya aina hii, si hii yetu peke yake. Chora mstari, andika namba kuanzia 0 hadi 30. Zungushia 0 duara. Kisha panda namba moja moja ukijiuliza swali hilohilo: kutoka hapa, kuna hatua inayoruhusiwa inayonifikisha kwenye namba yenye duara? Kama ipo, iache namba hiyo. Kama haipo, izungushie duara. Duara ni mtego. Kazi nzima haichukui muda wa kuchemsha chai.

Ukimaliza, tazama vitu viwili.

Cha kwanza ni umbali kati ya duara na duara. Ukiruhusu kuchukua 1 au 2, mitego inakuja kila baada ya 3. Ukiruhusu 1 hadi 3, kila baada ya 4. Ukiruhusu 1 hadi 5, kila baada ya 6. Mitego ikikaribiana mno siri inafichuka kabla ya kapusule kupoa mkononi. Ikiachana mno hakuna atakayeiona. Kwa watoto wa miaka saba na minane ningeweka 3, kwa wa tisa hadi kumi na mmoja 4, na 6 niwaachie wale ambao meza ya kuzidisha haiwasumbui tena.

Cha pili ni hatari zaidi kwa sababu hakionekani. Tuseme umeona 1, 2, 3 ni ya kawaida mno, ukaamua kila zamu mtu achukue 1 au 3 basi. Inasikika vizuri. Chora mstari: 0 ina duara, 1 haina, 2 ina, 3 haina, 4 ina. Namba zote shufwa ni mitego. Sasa angalia vizuri. Ukiwa kwenye witiri (1, 3, 5 na kuendelea), ukichukua 1 unafika kwenye shufwa. Ukichukua 3 unafika kwenye shufwa vilevile. Hakuna namna ya kukosea! Anayeanza na 21 atashinda hata akicheza amesinzia. Mchezo umekufa. Watoto hawatalalamika, watacheza na kucheka kweli, lakini mawazo yao hayabadilishi chochote. Hivyo kicheko peke yake hakitoshi kukuambia kwamba mchezo ni mzuri. Mstari na duara ndivyo vitakavyokuambia.

Kanuni ya kukumbuka: kabla ya mwisho, zamu nyingi ziwe na angalau chaguo moja zuri na moja baya. Yote yakiwa sawa, mtoto anarusha sarafu tu.

Hatua ya 4: Nani aanze

Kila mchezo wa namna hii una upande uliokwisha kushinda kabla ya kuanza. Kwa 21 ni anayeanza. Kwa 20 ni anayefuata. Watoto wanaligundua hili upesi kuliko wanavyogundua sababu yake, na ghafla wote wanapigania kuanza.

Wengine husuluhisha kwa kubadilishana zamu ya kuanza. Inatosha, lakini ipo dawa bora: mmoja apange idadi ya magunia, yoyote kati ya 15 na 30, na mwenzake ndiye achague nani aanze. Ugomvi umekuwa swali la hesabu. Anayepanga anatafuta idadi ya kumchanganya mwenzake. Anayechagua analazimika kugawanya kwa 4 kichwani kabla kapusule hata moja haijasogea. Kanuni hii ni ileile ya ndugu wawili wanaogawana kipande cha mkate, mmoja anakata na mwingine anachagua, nao watoto wanaielewa bila maelezo.

Hatua ya 5: Wape watoto, wewe nyamaza

Kwa hatua hii nimeazima sana kwa Mfaransa Guy Brousseau wa Bordeaux, aliyetumia maisha yake kuchunguza jinsi watoto wanavyojifunza hesabu. Moja ya masomo yake mashuhuri ni mbio za kufika 20: wawili wanapokezana, kila mmoja anaongeza 1 au 2, atakayesema 20 ameshinda. Mitego ndani yake ni 17, 14, 11, 8, 5 na 2, maana ukiitamka wewe mwenzako amenaswa. Kilichonivutia ni mpangilio wa somo. Watoto wanacheza kwanza wawili wawili. Kisha kikundi dhidi ya kikundi, mchezaji mmoja yuko tabloni na wenzake hawaruhusiwi kumnong'oneza wakati wa mchezo, wanashauriana kabla. Mwisho kila kikundi kinatoa dai, kwa mfano "anayesema 17 anashinda", na kikundi cha pili kinajaribu kulivunja.

Fuata mpangilio huohuo kwa Mzigo wa Mwisho. Sehemu ya wawili wawili usiikatishe, hata ukiona wanachukua kapusule ovyo. Sehemu ya vikundi ndiyo inayowalazimisha kugeuza kilicho vidoleni kuwa maneno, kwa sababu lazima wamweleze mwakilishi wao afanye nini.

Utaona mambo yakija kwa utaratibu. Kwanza watagundua 4: "Ukimwachia ine, amekufa." Kisha kimya kirefu. Wanajua 4 lakini hawajui jinsi ya kumfikisha mwenzao pale. Safari kutoka 4 hadi 8 ndiyo somo lenyewe. Kutoka 8 hadi 12 ni mteremko. Katika kimya hicho utatamani kusaidia. Meza ulimi. Swali pekee ninaloruhusu ni "Ulijuaje?", nalo uliulize kwa aliyeshinda na kwa aliyeshindwa, la sivyo watadhani ni ishara ya kosa.

Njia haziwi moja. Msichana mmoja wa mwaka wa nne, kabla ya zamu yake, alikuwa akipitisha kidole hewani juu ya kapusule bila kuzigusa, akizikata nne nne. Nilimwuliza anahesabu nini. "Mwalimu, si hesabu. Yeye akikamata moya, mie tatu. Akikamata tatu, mie moya. Sisi wawili tunamaliza ine. Ile inabakia ndiyo ya kuanza." Hakuwa na orodha ya mitego hata kidogo, hakujua kama 12 ni mbaya. Alikuwa na kitu kizito zaidi, yaani sababu. Mwenye orodha ya 4, 8, 12 ukimbadilishia sheria anaanza upya, mwenye sababu anahama nayo.

Mtoto akifika hapo usimpigie makofi palepale. Mwulize: "Na yakiwa 22?" Halafu: "Na tukiruhusu mpaka 4?" Akijibu la pili bila kucheza, amemaliza.

Wakati wanacheza, kaye yako iandike mambo matatu tu: nani ameomba kurudia, wapi mtoto amesimama kufikiri, na ugomvi umetokea juu ya sheria ipi. La tatu ni muhimu kuliko linavyoonekana. Ugomvi wa kawaida ni "aligusa, akarudisha". Weka sheria mapema: kapusule ikiguswa imebebwa. Nao wale wanaosukuma mbili kwa kidole kimoja na kudai ni moja, kila kundi linaye mmoja wao. Mpe kazi ya kuhesabu.

Hatua ya 6: Mashine ya vikopo inayojifunza

Sasa sehemu ninayoipenda kuliko zote. Unataka mchezo unaojibu, mtoto acheze nao peke yake, lakini umeme umekwenda na hakuna anayejua utarudi saa ngapi. Tengeneza mashine kwa vikopo na maharagi.

Wazo lina ukoo mzuri. Mwaka 1961 Mwingereza Donald Michie alitaka kuonyesha kwamba mashine inaweza kujifunza kucheza kwa kushinda na kushindwa. Alichukua visanduku 304 vya kiberiti na shanga za rangi, akavifundisha mchezo wa duara na msalaba. Sisi tutatumia vikopo 10.

Punguza mchezo: magunia 10, kila zamu unabeba 1 au 2, wa mwisho anashinda. Tafuta vikopo 10 visivyopitisha macho, vya nyanya au vya maziwa, uviandike 1 hadi 10. Katika kila kikopo tia haragi moja jeupe na moja jekundu. Jeupe maana yake "beba 1", jekundu maana yake "beba 2". Kikopo namba 1 kipewe jeupe tu, kwa sababu gunia moja haliwezi kubebwa mara mbili. Jumla ni maharagi 19.

Mtoto anacheza dhidi ya mashine, na ndiye mikono yake. Zamu ya mashine ikifika, anahesabu magunia yaliyobaki, anachukua kikopo chenye namba hiyo, anatikisa, anachota haragi moja bila kuangalia. Analiweka mbele ya kikopo, anabeba magunia kama haragi linavyosema. Mchezo ukiisha:

Mashine ikishinda, maharagi yote yanarudi vikoponi mwao.

Mashine ikishindwa, haragi la mwisho ililochota linatolewa kabisa, mengine yanarudi.

Mashine ikifika kwenye kikopo kitupu, inakubali kushindwa hapohapo, na haragi ililochota kabla ya hapo ndilo linalotolewa. Ikiwa haikuwa imechota lolote, hakuna kinachotolewa.

Mtu na mashine wabadilishane kuanza. Mwanzoni mashine ni mjinga kamili na watoto wanaicheka. Baada ya michezo kadhaa inaanza kuwafinya. Wanaanza kusema "inawaza". Hapo mwulize mmoja wao: kuwaza kwake kuko wapi? Kwenye kikopo gani?

Nimeipenda kwa sababu ya hesabu iliyojificha ndani yake. Haragi linalotolewa daima ni hatua mbaya. Sheria hizi haziwezi kuiondoa hatua nzuri, hata mpinzani akicheza vibaya namna gani. Kati ya maharagi 19, mabaya ni 12. Kila kushindwa kunakoondoa haragi kunaondoa baya moja. Kwa hiyo mashine haiwezi kutolewa maharagi zaidi ya mara 12, na baada ya hapo yanabaki 7 yasiyoshindika. Watoto wakubwa waweza kupewa swali hilo bila jibu: mashine itakwisha kujifunza lini, na itabaki na maharagi mangapi?

Halafu, siku mashine imekwisha kukomaa, mwambie mtoto afungue vikopo vyote avipange mstarini. Kikopo cha 3 ni kitupu. Cha 6 kitupu. Cha 9 kitupu. Vilivyobaki kila kimoja kina haragi moja: 1 jeupe, 2 jekundu, 4 jeupe, 5 jekundu, 7 jeupe, 8 jekundu, 10 jeupe. Mitego imejiandika yenyewe kwa vikopo vitupu, na rangi zinaonyesha kile kinachobaki ukigawanya kwa 3. Hakuna aliyeviambia.

Tahadhari ndogo za kazi: maharagi yawe na ukubwa mmoja, la sivyo vidole vitajua jekundu ni lipi. Na aliyeshindwa na mashine asiruhusiwe kuondoa haragi kwa hasira. Nimeona mashine ikipigwa bubu hivyo.

Hatua ya 7: Kwenye simu

Ukifika hapa sheria zimeshajaribiwa, kazi iliyobaki ni ya mikono. Kama una kompyuta, Scratch, lugha rahisi ya kuandikia programu iliyotengenezwa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007, inatosha: inafanya kazi bila intaneti ukishaiweka, na Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha zake. Kama unataka iende kwenye simu za wazazi, andika ukurasa mmoja wa HTML wenye JavaScript yake ndani, bila kuita kitu chochote kutoka nje. Faili la namna hiyo likiwa na magunia ya maumbo ya kawaida ni dogo sana, unalituma kwa Bluetooth na linafunguka kwenye simu ya zamani.

Mpinzani wa kompyuta ni mistari michache. Gawanya magunia yaliyobaki kwa 4. Kinachobaki kikiwa 1, 2 au 3, beba hicho. Kikiwa 0, mashine iko mtegoni, na hapa kuna jambo dogo ambalo wengi hawalifikirii. Ukiiandikia ibebe 1 daima, mtoto atajifunza kwamba jibu ni 3 daima, na ataondoka na sheria ya uongo. Ibebe kwa bahati nasibu, 1 au 2 au 3.

Weka ngazi tatu. Ya kwanza inacheza ovyo mpaka mwisho. Ya pili inacheza ovyo mpaka yabaki magunia 8 au chini, ndipo inafungua macho. Ngazi hii ndiyo mwalimu, kwa maana inamwadhibu mtoto mahali pale pale anapoweza kuelewa adhabu. Ya tatu haikosei. Katika zote tatu mtoto ndiye achague nani aanze baada ya kuona idadi, la sivyo ngazi ya tatu itamshinda kwa hila na siyo kwa akili.

Kwenye skrini: magunia yaonekane, usiweke tarakimu peke yake. Vitufe viwe vikubwa kama kidole gumba. Mashine isubiri sekunde moja kabla ya kubeba, mtoto aone kilichotokea. Chini kuwe na mstari unaoandika idadi iliyobaki baada ya kila zamu, 21, 20, 18, 16, usifutike mpaka mchezo mpya. Mtoto aliyeshindwa huutazama huo kutafuta alipopotelea. Saa ya kukimbizana usiiweke kabisa. Anayeharakishwa hawazi, anabahatisha. Matangazo, nyota na tarumbeta usihangaike navyo, na jina la mtoto usiliulize.

Ukiweka sauti, rekodi mwenyewe. Watoto wetu huhesabu Kiswahili nyumbani na Kifaransa shuleni, na Kifaransa chao husema septante (70) na nonante (90). Sauti iliyonunuliwa Ufaransa inayotamka soixante-dix itawasimamisha bure.

Hatua ya 8: Siri ikishajulikana

Siku watoto wawili wa kundi wanajua, wiki inayofuata wote wanajua, na mchezo umekwisha kazi. Usiutupe, ubadilishe.

Boti mbili: kila zamu unabeba idadi yoyote unayotaka, lakini kutoka boti moja tu. Zikiwa sawa, anayefuata anamwiga anayeanza, upande huu kama upande ule, naye anashinda. Mtoto wa miaka saba anaweza kuliona. Boti tatu ni ngumu ghafla. Waanzishie 1, 2 na 3, ambayo ni mtego, na uwaachie.

Kwa kuzidisha, chora ubao wa miraba 6 kwa 6. Meza ya 1 hadi 9 ina majibu tofauti 36 kamili, yanajaza ubao bila pengo. Chini andika mstari wa 1 hadi 9 na kapusule mbili juu yake. Kila zamu unasogeza kapusule moja tu. Namba mbili zilizofunikwa zinazidishwa, na mraba wa jibu ni wako kama bado haujachukuliwa. Wa kwanza kupanga minne mfululizo ameshinda. Tazama kinachotokea: mtoto anataka 42, kapusule moja iko kwenye 6, anajiuliza "sita mara ngapi?" Anagawanya bila kuagizwa, na anapokataa kumwachia mwenzake 7 amekwisha kugawanya mara mbili.

Wazee wa huku wanaojua mchezo wa mashimo, ule ambao Wanyarwanda ng'ambo ya Ruzizi huuita igisoro, wenye mashimo 32 na mbegu 64, watakuambia kwamba mbinu zote zimo mle. Ni kweli. Lakini kwa anayejifunza kutengeneza haufai kuanzia, kwa kuwa huwezi kuutatua kwa mstari na duara. Uwe mchezo wa kucheza jioni.

Na kwa wale wanaosema wamemaliza kila kitu, rudisha boti moja na magunia 23, uruhusu kubeba 1, 3 au 4. Mitego sasa ni 2, 7, 9, 14, 16, 21, 23: inaruka tano, inaruka mbili, inaruka tano, inaruka mbili. Kugawanya kwa 4 hakusaidii. Usiwape orodha hiyo. Wape karatasi yenye mstari wa 0 hadi 30 na kreyo, uwaonyeshe jinsi ya kuzungushia duara, kisha kila mmoja achague namba zake tatu na atengeneze mchezo wa kumletea mwenzake Jumamosi ijayo, baada ya kuhakikisha kwamba haujafa.